Ungo Unaobebeka

Ungo wa kwanza wa televisheni ulipanda Mgeta juu ya lori la kabichi. Lori lilikuwa linarudi tupu kutoka Dar, na Baba Mkubwa Alois alikuwa amesimama nyuma, ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia ng'ombe. Ulikuwa wa wavu, mkubwa kiasi kwamba kwenye kona matawi yaliukwaruza pande zote mbili. Watoto waliufuata mbio kutoka kijiji cha chini. Wengine walidhani serikali imetuletea kitu, na kwa kuwa miaka ile serikali ilikuwa inauza vitu badala ya kuvileta, watu wazima walicheka.

Mimi ni Judith. Mama yangu ni mdogo wake Yuliana, na Yuliana ndiye alikuwa mke wa Alois, kwa hiyo kwangu walikuwa Mama Mkubwa na Baba Mkubwa. Nilikaa kwao tangu nilipomaliza darasa la saba. Sisimulii ya kusikia. Nilikuwepo, na mengine mpaka leo nikiyakumbuka nakasirika.

Baba Mkubwa hakuwa mtu wa Mgeta. Kwao ni Kinole, upande mwingine wa milima, kwenye machungwa na mdalasini. Ujana wake wote aliumalizia kiwandani, Morogoro mjini. Mama Mkubwa alikuwa akiteremka na mizigo ya njegere sokoni, wakaonana, wakafunga ndoa misheni. Baada ya hapo maisha yao yakawa ya kupanda na kushuka: mume mjini kwenye chumba cha kupanga, mke mlimani kwenye shamba la mama yake, wanaonana mwisho wa mwezi. Hawakujaliwa mtoto. Kisha kiwanda kikauzwa. Mwekezaji wa kwanza alikuja, akazunguka na kofia ya plastiki kichwani, akaondoka. Wa pili akazifungua mashine, akaziuza kama chuma chakavu. Baba Mkubwa alipewa kiinua mgongo na cheti chenye mhuri, akashukuriwa kwa utumishi wake.

Wenzake wengine walinunua baiskeli, wengine walifungua genge, wengine walikunywa mpaka ikaisha. Yeye alinunua ungo, televisheni na jenereta. Alikuwa ameona mjini jinsi watu wanavyojaa kwenye mabanda ya video, akasema milimani hakuna kitu kama hicho, na watu wa milimani nao wana macho.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwetu Uluguru ardhi inafuata mama. Shamba lile lilikuwa la bibi yangu, likawa la Mama Mkubwa na dada zake, na msemaji wake ni kaka yao, mjomba Tomasi. Mwanamume aliyeoa anaweza kujenga pale, akalima, akazeeka, lakini anakaa kwa jina la mkewe. Mke akitangulia na hakuna watoto, ukoo unakaa na kuamua, na katika ukoo wetu mara nyingi waliamua mume arudi kwao. Kilichochimbiwa ardhini kinabaki. Kinachobebeka anakibeba. Si ukatili, maana na wajomba zetu nao wana mashamba ya mama zao wanakorudi. Lakini ukilitazama kwa macho ya mtu mzima asiye na kazi wala mtoto, linatisha, na sitamlaumu mtu kwa kuogopa.

Kwa hiyo siku Baba Mkubwa alipochimba shimo mbele ya nyumba, akasimika bomba la chuma la kuushikilia ungo na kulimwagia zege, watu walielewa zaidi ya alichosema. Mama Mkubwa alileta maji ya zege mwenyewe, ndoo kichwani, huku anaimba. Mjomba Tomasi hakuwa mwepesi wa kusifu. Alingoja zege likauke, akaja akalitikisa lile bomba, likakataa.

"Shemeji," akasema, "sasa wewe ni wa hapa."

Baba Mkubwa alicheka, akamkaribisha ndani wakanywa chai. Sijawahi kumwona akiwa na furaha kuliko siku ile.

Fundi aliyekuja kuuelekeza ungo alikuwa kijana wa mjini, Issa. Alishinda kutwa akiuzungusha huku Baba Mkubwa akipiga kelele kutoka kwenye banda la video alilolijenga kando ya nyumba, "Bado! Bado! Rudisha!" Hatimaye picha ikaja. Vipindi vyote vilikuwa vya bure, na vilikuwa kama mambo ya bure yalivyo: unachukua ulichopewa. Tulipata habari za Waarabu, muziki wa Wahindi, Wazungu wanaopika vyakula ambavyo hawavili, na mpira wa nchi ambazo hata mwalimu wa jiografia ilimbidi afikirie. Siku za gulio watu waliokuwa wanarudi kutoka Nyandira na vikapu vitupu waliingia bandani, wakakaa kwenye magogo, wakatazama chochote kinachopita. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa hatujui kuna kingine.

Na kulikuwa na stesheni moja ya Wakatoliki, huko mbali ng'ambo, iliyoonyesha Misa kila asubuhi. Mwanzoni hakuna aliyeijali. Kanisa letu la misheni lipo, padre yupo, nani atazame Misa ya Kiingereza?

Kisha presha ikampiga Mama Mkubwa akiwa kwenye mteremko anapalilia karoti. Tulimteremsha kwenye machela. Alipotoka hospitali alikuwa mzima upande mmoja, na upande wa kushoto umelala. Njia ya kwenda misheni ni ya kupanda kwa magoti, hata sisi wazima tunapumzika njiani. Hakuenda tena kanisani.

Ndipo Baba Mkubwa alipoanza kuwasha jenereta Jumapili asubuhi kwa ajili yake peke yake. Alimbeba mgongoni kutoka chumbani mpaka bandani, akamweka kwenye kiti chenye mto, akafungulia Misa. Mama Mkubwa hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini padre wa kule akifungua mikono, yeye alijibu kwa sauti, "Na iwe rohoni mwako." Wakipiga magoti, aliinamisha kichwa. Vikongwe wengine wa jirani nao wakaanza kuja, wenye miguu mibovu, wakaketi kwenye magogo na rozari zao, na banda likawa kama kigango, kanisa dogo la kijijini. Vijana walimtania Baba Mkubwa kwamba anachoma petroli ya Misa wakati petroli ya kusaga mahindi haipatikani. Alikuwa anajibu, "Ninyi oeni kwanza." Mimi nilikuwa nampenda sana nyakati zile.

Mambo yaliharibika taratibu. Andrea, mfanyabiashara wa kabichi, alifungua banda pale Nyandira sokoni. Ungo wake ulikuwa mdogo, wa bati, mfano wa sinia la pilau, na tulicheka tulipouona. Lakini ulikuwa na dikoda ya kulipia, na ulileta mpira wa Uingereza. Jumamosi ya kwanza vijana wetu waliteremka wachache. Jumamosi ya tatu waliteremka wote. Kwetu wakabaki vikongwe na wale ambao miguu ilikuwa haiwaruhusu kuteremka. Baba Mkubwa alisimama mlangoni pa banda akiangalia njia, na ungeweza kumsikia akisafisha koo.

Wakati huohuo daktari wa Mama Mkubwa alimwita mumewe pembeni. Alimwambia, nami nilikuwa nimesimama hapohapo nimeshika kadi ya kliniki, kwamba presha ikimpiga mkewe mara ya pili hatainuka. Baba Mkubwa alisema, "Nimesikia, daktari." Tulirudi nyumbani. Tangu siku ile alibadilika. Alikuwa akitengeneza kitu, akiacha nusu. Paa la jiko lilivuja, akaweka sufuria chini badala ya kupanda juu. Nilimwambia Mama Mkubwa kwamba Baba amechoka. Akasema, "Mwache, anafikiri." Mimi naamini alikuwa ameanza kuiangalia nyumba ile na kugawa kichwani: hiki kinabaki, hiki kinabebeka. Hakuwahi kuniambia hivyo. Lakini nimeishi naye, nayajua macho yake.

Mwezi wa saba Issa akapanda tena, safari hii na pikipiki, na boksi limefungwa nyuma. Mama Mkubwa alikuwa barazani kwenye mkeka, anachambua maharage kwa mkono wake mzima.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," Baba Mkubwa akasema. "Hebu nieleze vizuri, maana Andrea kazi yake kujigamba."

Issa akalifungua boksi. "Mzee wangu, iko hivi. Huo ungo wako mkubwa ulishamalizana nao. Ulinunua, ukafunga, basi, hakuna mtu wa kukudai. Ila unakula unachopewa. Huu mdogo ni wa kulipia kila mwezi. Usipolipia wanakuzimia, unabaki unatazama kioo cheusi. Lakini ukilipia, mpira wote wa Ulaya wako. Bomba, mzee. Banda litapasuka hili."

"Na Misa?" Mama Mkubwa akauliza kutoka kwenye mkeka.

Issa akajikuna shingo. "Misa hapana, mama. Kuna sinema, kuna wanyama, kuna katuni za watoto."

Mimi nikaingilia, ingawa sikuulizwa. "Si uviache vyote viwili? Mkubwa wa Jumapili, mdogo wa Jumamosi."

"Inawezekana, dada. Tatizo risiva ya ule mkubwa na kile kichwa chake kinachonasa picha. Mzee tumeshakubaliana navichukua, ndiyo nimpunguzie bei."

Tumeshakubaliana. Mama Mkubwa hakuwa na habari ya makubaliano yoyote, wala mimi. Alimtazama mumewe, na mumewe akawa anautazama ule ungo mdogo, anaugeuza mikononi mbele na nyuma.

"Unafungwaje huu?" akauliza. "Zege?"

"Zege la nini, mzee? Skrubu nne ukutani. Siku ukihama unafungua, unautia kwenye kiroba, unaondoka nao."

"Na huko nikiufunga unashika?"

"Popote, mzee."

"Hata Kinole?"

Hakusema kwa kunong'ona. Nadhani lilimponyoka tu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho ameshaamua kukinunua. Lakini lilitoka, na mke wake alikuwa hapo, hatua chache, na masikio yake hayakuwa yamepooza. Issa, asiyejua lolote, akajibu kwa furaha kwamba Kinole ndiyo kabisa, hakuna milima ya kuziba upande ule.

Mkono wa Mama Mkubwa haukusimama. Uliendelea kutoa mawe kwenye maharage, moja moja, ukiyaweka pembeni. Nilitamani atukane. Nilitamani hata alie, maana angelia, Baba Mkubwa angeuweka ule ungo chini, na pengine tungecheka jambo lile baadaye. Badala yake akamwambia Issa, kwa sauti ya mtu mwenye wageni, "Funga tu, baba. Vijana wanapenda mpira."

Jioni ile alinituma nikamwite mjomba Tomasi. Mjomba alipofika, nikaambiwa nikachote maji. Madumu yalikuwa yamejaa, nami nikasema hivyo, nikaambiwa tena nikachote maji. Niliporudi mjomba alikuwa anatoka. Alinipita. Baba Mkubwa alikuwa juu ya ngazi bandani anaifungia waya dikoda yake, akamwita, "Shemeji, njoo Jumamosi uone mpira!" Mjomba akainua mkono bila kugeuka.

Banda lilijaa, hilo siwezi kukataa. Jumamosi walikuja mpaka wa Nyandira, maana Baba Mkubwa alikuwa na televisheni kubwa kuliko ya Andrea. Goli likiingia, mabati yalitetemeka na kuku wakakimbilia shambani. Baba Mkubwa alilipia kila mwezi bila kuchelewa. Ungo mkubwa ulibaki mbele ya nyumba bila kichwa, umeelekea juu, na mvua ilipopita majani yalinasa kwenye wavu wake. Jumapili asubuhi banda lilikuwa kimya. Vikongwe walikuja mara mbili, wakaambiwa hakuna Misa tena, wakarudi na rozari zao. Mama Mkubwa hakuomba kubebwa tena. Nilimkalisha kitandani, nikamsomea Injili ya siku, na mimi ni msomaji mbaya, nasoma kama nimefukuzwa. Alinivumilia.

Wao wawili hawakugombana. Kugombana kungekuwa na faida. Baba Mkubwa alimpa mkewe chakula, alimgeuza ubavu, alimsugua mguu kwa mafuta, kila kitu alichofanya zamani alikifanya, na mkewe alishukuru kwa kila kitu kama mtu anayeshukuru jirani. Jumamosi moja Baba Mkubwa aliingia chumbani wakati wa mapumziko ya mpira, uso umechangamka, kelele za vijana zikimfuata. Nilikuwa namlisha Mama Mkubwa uji. Akaniambia ningoje kidogo, akamwangalia mumewe.

"Alois."

"Naam, mama."

"Umechoka kunisubiri?"

"Kukusubiri nini?" akauliza. Kisha akaelewa, nikamwona anavyoelewa. "Yuliana, maneno gani hayo? Ule ungo ni biashara tu. Ni mpira."

"Haya," akasema. "Rudi kwenye mpira wako, wanakuita."

Na kweli walikuwa wanaita, picha ilikuwa imeganda. Akasimama pale mlangoni muda, kinywa wazi, akitafuta la kusema. Angesema, Mungu anajua angesema, lakini hakuwa mtu wa maneno, na vijana walikuwa wanapiga miluzi. Akaenda kuitikisa waya. Nilimaliza kumlisha uji nikiwa nimekasirika nao wote wawili: mmoja kwa kuuliza akiwa hataki jibu, mwingine kwa kuwa na jibu akashindwa kulitoa.

Presha ilimpiga Mama Mkubwa mara ya pili wakati wa masika, asubuhi, ananiambia nifungue dirisha. Barabara ilikuwa imekatika, malori hayapandi, na kabla hatujapata watu wa machela alikuwa ameshapoa. Tulimzika kwenye makaburi ya ukoo juu ya shamba, kwenye utelezi, wabebaji wakishikiliana. Baba Mkubwa alitaka kushuka kaburini mwenyewe kumpokea, wakamzuia. Wakati wa tanga watu walikaa bandani, maana ndiyo paa pekee lililowatosha. Televisheni ilikuwa imefunikwa khanga ya marehemu.

Baada ya arobaini ukoo ukakaa. Walikuja wajomba na mama wadogo, na mama yangu, wakaketi barazani. Baba Mkubwa alikuwa ameamka mapema kuliko wote. Ungo mdogo haukuwa ukutani tena. Ulikuwa kwenye kiroba, na dikoda, na nguo zake, na picha ya harusi, vyote vimefungwa kamba. Hakungoja mtu afungue kikao.

"Shemeji," akamwambia mjomba Tomasi, "sitaki kuwapa kazi ngumu ya kuniambia. Desturi naijua. Nimeshafunga mizigo. Nyumba na banda ni vyenu, sina neno."

Mjomba alimtazama. Ni mtu mkali, na nilidhani atamkaripia.

"Kaa chini kwanza," akasema. "Nani amekwambia uondoke?"

Baba Mkubwa hakukaa.

"Marehemu aliniita mara mbili," mjomba akaendelea. "Mara ya kwanza ni mwaka ule alipopooza. Aliniambia, mimi nikitangulia, Alois asitolewe. Abaki kwenye nyumba yake mpaka siku zake ziishe, na akifa azikwe karibu nami. Nikaitisha lukolo, ukoo mzima, tukabishana, tukakubali. Wote hawa ni mashahidi. Nilitaka nije nikuambie siku ileile, akanikataza. Alisema ukiambiwa hivyo utajua kwamba anakufa, na wewe hutaweza kuvumilia."

Mama wadogo walikuwa wameinama. Mama yangu alianza kulia chinichini. Mimi nilikuwa sijui lolote kati ya hayo, nikamwangalia Baba Mkubwa, na alikuwa ameshika kiroba kwa mikono yote miwili.

"Na mara ya pili?" akauliza.

"Mara ya pili alimtuma mtoto huyu." Mjomba alinionyesha mimi kwa kidevu. "Alisema tusikuzuie. Alisema, mume wangu ana kwao, na moyo wake umeshatangulia kwenda. Mkimng'ang'ania mtamwonea. Basi hiyo ndiyo habari. Kikao chetu cha kwanza hatukukifuta, shemeji. Ukitaka kubaki, baki. Ukitaka kwenda, hatuna kinyongo."

Baba Mkubwa akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kunitazama usoni.

"Judith, mwanangu. Alikutuma siku gani?"

Ningependa kusema nilimdanganya. Kulikuwa na nafasi ya kudanganya, na wote pale wangeniachia.

"Siku ile Issa alipoleta ungo, Baba," nikasema. "Jioni yake."

Aliketi pale pale alipokuwa, kwenye ngazi ya baraza, kiroba magotini. Alitafuta kitu cha kusema kama siku ile mlangoni, na safari hii hakuna aliyekuwa akimwita mahali pengine, kwa hiyo tulingoja.

"Basi Yuliana amekufa akijua nimeshaondoka," akasema.

"Ndiyo, shemeji," mjomba Tomasi akamjibu.